Kilifi, Voi au Ukunda? Ulinganisho kwa Mtu wa Mombasa Anayefikiria Kuhama

Ukikaa barazani Mombasa siku hizi, au ukipanda matatu ya Kisauni jioni, mazungumzo ya kuhama hayakosekani. Mmoja anasema Kilifi kuna upepo na viwanja. Mwingine ana ndugu Voi anayelipa kodi nusu ya yake. Wa tatu anafanya kazi hotelini Diani na amechoka kuvuka feri kabla ya jua kutoka. Wote wana haki ya kuchoka. Kaunti ya Mombasa ndiyo ndogo kwa eneo kuliko kaunti zote 47 za Kenya, na sensa ya 2019 ilihesabu ndani yake watu 1,208,333. Kilifi ilikuwa na watu 1,453,787, lakini wametawanyika kwenye zaidi ya kilomita 12,000 za mraba. Tofauti hiyo unaihisi kwenye mabega ukiwa Mwembe Tayari saa kumi na mbili za jioni.

Ninawaandikia watu wa kipato cha kawaida: mwalimu, fundi, mstaafu, mama anayeuza nguo, kijana anayefanya kazi za intaneti. Mwenye pesa nyingi haumizwi na mji wowote. Nimechagua miji mitatu kwa sababu kila mmoja uko upande wake: Kilifi kaskazini, Ukunda kusini, Voi bara. Malindi nitaigusa tu. Mtwapa sikuiweka kwenye orodha, na sababu yake ndiyo msingi wa makala yote.

Kabla ya kuuliza kodi ya mji wowote, chukua karatasi uandike safari zako za wiki nzima: kazini, sokoni, kliniki, madrasa ya watoto, kumjulia hali mama. Kisha weka alama kwenye zile ambazo haziwezi kuishia popote isipokuwa Mombasa. Zikizidi mbili kwa wiki, usihame. Utalipa kodi ndogo, halafu tofauti yote utaiacha kwa makanga, na juu yake utaongeza saa zako za usingizi. Hivyo ndivyo walivyo wengi wa Mtwapa. Kwenye ramani wako kaunti ya Kilifi, lakini kila alfajiri wanasukumana kurudi Bamburi, Nyali na kisiwani. Hao wamerefusha njia tu, mji ni ule ule.

Maji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maji ndiyo yanayowafukuza watu Mombasa kuliko kitu kingine, na pia ndiyo yanayowashangaza wakifika waendako.

Mombasa haina chanzo chake kikubwa cha maji matamu. Maji ya mfereji hutoka kwa majirani: chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kwenye vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi. Bomba la Mzima, ambalo ni la miaka ya 1950, hushuka kwa mteremko wake lenyewe hadi pwani. Baricho inategemea pampu, na pampu zinategemea umeme. Ukikatika umeme kule, mfereji wa Tudor unatoa hewa. Ndiyo maana nyumba nyingi zimezoea maji ya aina mbili: ya chumvi kutoka kisimani kwa kuoga na kufulia, na matamu ya kunywa na kupikia, yanayoletwa na mkokoteni kwa mitungi ya lita 20. Sabuni haitoi povu kwenye maji yale ya chumvi, nguo nyeupe zinageuka rangi, na bei ya mtungi inapanda siku ile ile ambayo mtaa mzima umekaukiwa.

Sasa mtu hudhani akisogea karibu na chanzo amepona. Voi inaonyesha vingine. Bomba la Mzima linapita katika kaunti ya Taita Taveta, na kilio cha wenyeji kwamba maji yao yanapita wakiyatazama ni cha miaka mingi. Voi ni mji mkavu, maji mengi ya chini ya ardhi yana chumvi, na mgao ni jambo la kawaida. Ukienda kuangalia nyumba Voi, usianze na sebule. Anza na tangi. Ni la lita ngapi, limewekwa juu au chini, na anayelijaza ni mwenye nyumba au wewe? Mimi ningechukua nyumba ya sakafu ya saruji yenye tangi kubwa nikaiacha ya vigae isiyo na tangi.

Kilifi inakunywa Baricho kama sisi, kwa hiyo Baricho ikisimama, Kilifi na Mombasa hukauka pamoja. Tofauti ni kwamba nyumba za Kilifi zina uwanja, na kwenye uwanja unaweza kuweka tangi na kuvuna maji ya mvua za Aprili na Mei, jambo ambalo mpangaji wa ghorofa ya nne Majengo hawezi hata kulifikiria.

Kwa maji peke yake ningeipa Ukunda nafasi ya kwanza. Maji ya ardhini yako karibu, na nyumba nyingi za kupanga zina kisima na pampu ndani ya ua. Lakini tazama choo kiko wapi. Kisima kifupi kando ya choo cha shimo kinakupa maji baridi na ugonjwa pamoja. Ya kunywa yachemshe, hata mwenye nyumba akuapie nini.

Kodi, na suala la ardhi

Kodi ni nafuu katika miji yote mitatu, ila si kwa kiwango kimoja. Voi ndiyo nafuu zaidi: kwa kodi ya chumba na sebule mahali kama Tudor, mara nyingi unapata vyumba viwili na mahali pa kuanika nguo. Kilifi imepanda. Mwaka 2013 Chuo cha Pwani kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili, na mwaka huo huo ugatuzi ukaanza na serikali ya kaunti ikaweka ofisi zake mjini. Wanafunzi na maafisa wakajaza vyumba, na wenye nyumba wakaona. Ukunda ina bei mbili. Upande wa ufuo, Diani, ni bei ya mgeni. Ukivuka barabara kuu ya Lunga Lunga ukaingia ndani, unakuta bei ya mwenyeji.

Kwa mpangaji hadithi inaishia hapo. Kwa anayetaka kuuza nyumba ya Mombasa akanunue shamba, ndipo inapoanza, na hapa nawasihi ndugu zangu msome polepole.

Majengo, Likoni, Kisauni na mitaa mingine mingi ina nyumba bila ardhi. Kuta ni zako, paa ni lako, lakini ardhi ni ya mtu mwingine, na kila mwezi unamlipa kodi ya ardhi au unamlipa wakala wake. Mambo haya yana mizizi ya mbali. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye ardhi pwani ajitokeze kudai. Waliokuwa na habari na maandishi walidai, na wengi wasiokuwa navyo waliamka wakiwa maskwota mahali walipozaliwa. Matokeo yake yanamfikia mtu wa leo anayepiga hesabu ya kuhama. Nyumba ya vyumba sita ambayo babu aliijenga, na inayoonekana ni mali kubwa, ikifika kwa mnunuzi inahesabiwa mawe na mabati tu. Benki haiipokei kama dhamana ya mkopo. Mwenye ardhi naye anaweza kuwa na lake la kusema kuhusu mauzo. Familia inayotegemea kuuza nyumba Majengo ili ijenge Kilifi mara nyingi hugundua pesa inatosha kiwanja na msingi, basi.

Ushauri wangu kwa nyumba ya namna hiyo ni kuipangisha vyumba, si kuiuza. Kodi ya vyumba vinne Majengo inaweza kulipa nyumba nzima Voi na kubakisha cha soko. Na mlango wa kurudi unabaki wazi.

Ukiwa na pesa za kununua ardhi hasa, kila mji una mtego wake. Kilifi, mtego ni shamba la ukoo. Ndugu mmoja anakuuzia kipande cha futi 50 kwa 100, mnaandikiana kwa mzee wa mtaa, mnapeana mikono, na miaka miwili baadaye wajomba wanafika kusema hawakuulizwa. Au unauziwa kipande cha shamba kubwa ambalo hati yake ni moja na halijagawanywa, kwa hiyo unacholipia hakina nambari yake yenyewe. Voi na viunga vyake, uliza kama ardhi ni ya mtu au ni sehemu ya ranchi ya kikundi, na kama imepakana na njia ya ndovu. Mbuga ya Tsavo Mashariki inaanza pale pale mlangoni mwa mji, na ndovu akiingia shambani usiku hajali mahindi ni ya nani. Ukunda, kadiri unavyosogea baharini ndivyo kiwanja kimoja kinavyokuwa na wauzaji wengi zaidi.

Kinga ni ile ile popote. Fanya sachi, yaani upekuzi wa rekodi za umiliki, kwenye ofisi ya ardhi ya kaunti wewe mwenyewe, usiletewe karatasi na dalali. Nenda na mpima ardhi akuonyeshe bikoni, zile alama za mipaka, kwa macho. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, mauzo yanahitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na mke au mume wa muuzaji lazima aridhie. Muuzaji anayekuharakisha akisema kuna mteja mwingine kesho, mwachie huyo mteja wa kesho.

Njia ya kurudi

Kilifi iko kama kilomita 60 kutoka Mombasa, na tangu daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka 1991 hakuna tena kuvuka mkono wa bahari kwa pantoni. Tatizo liko karibu na nyumbani: kuanzia Mtwapa hadi Nyali, safari iliyokwenda vizuri inaweza kusimama kabisa. Upanuzi wa barabara hiyo unasaidia mahali ilipokamilika na unatesa mahali ambapo bado wanachimba.

Ukunda, kwa kilomita, iko karibu kuliko miji yote mitatu. Kwa saa, hakuna anayeweza kukuahidi, kwa sababu ya Likoni. Inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 300,000 huvuka kivuko kile kwa siku. Wanaokwenda kwa miguu hawalipi, lakini wanalipa kwa kusimama. Watu wazima hawajasahau Mtongwe, 29 Aprili 1994, feri ilipozama na roho 272 zikapotea, na wapo mpaka leo wanaovuka wakiwa wameshika chuma cha pembeni. Mwenye gari sasa ana njia nyingine, barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini hadi upande wa Kwale bila kupanda chombo. Hii imebadilisha hesabu ya Ukunda kwa wenye magari. Kwa anayetegemea matatu, feri bado ni feri.

Voi iko mbali zaidi, karibu kilomita 150, lakini ndiyo safari inayotabirika kuliko zote. Mabasi ya Nairobi yanapita usiku na mchana, na treni ya SGR inayosimama vituoni inashusha Voi. Kumbuka tu kwamba kituo cha Mombasa kiko Miritini, nje ya kisiwa, kwa hiyo weka akiba ya saa na nauli ya kufika huko. Mtu anayehitaji Mombasa mara moja kwa mwezi na Nairobi mara moja kwa mwezi hatapata mji unaomfaa kuliko Voi.

Riziki

Mombasa ina kitu kimoja ambacho miji midogo haina: kibarua cha leo kinacholipwa leo. Bandari, maghala ya Changamwe, soko la Kongowea, mjengo, tuktuk ya kukodi. Ukiamka bila senti, ukitoka na nguvu zako, unaweza kurudi na unga. Anayeishi hivyo asishawishiwe na kodi nafuu. Kodi nafuu bila kibarua ni deni linalokuja taratibu.

Mji mdogo unamfaa anayekuja na kipato chake mkononi: pensheni, mshahara wa uhamisho, kazi ya mtandaoni, au ufundi ambao kule haupo. Neno "haupo" ulichunguze. Zunguka mtaa mzima uhesabu maduka ya kushona, vinyozi, vibanda vya chapati. Mji wenye watu wachache unajaa haraka, na mshonaji wa kumi anagawana wateja wale wale.

Kilifi ina nguzo zinazosimama mwaka mzima: chuo kikuu, ofisi za kaunti, kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI kilichoko hapo tangu 1989. Watu wa mishahara wanakula, wanapanga, wananyoa. Voi inaishi kwa barabara kuu, watalii wa Tsavo, mkonge na ofisi. Mizigo mingi ilipohamia kwenye reli ya SGR, miji ya njiani ililia kupoteza madereva wa malori waliokuwa wakila na kulala, na mwenye ndoto ya kufungua hoteli ya kando ya barabara alipime hilo. Ukunda inakwenda kwa msimu. Desemba kuna pesa. Kuanzia Aprili hadi Juni mvua inanyesha, vyumba vya hoteli vinabaki vitupu na wafanyakazi wanapewa likizo isiyo na mshahara. Zamani mgodi wa titanium wa Kwale ulikuwa unaziba pengo hilo kidogo, lakini uchimbaji ulisimama Desemba 2024. Ukihamia Ukunda, mwaka wako una miezi tisa. Panga pesa hivyo.

Hospitali na shule

Kwa magonjwa ya kawaida, uzazi na dharura za mwanzo, Kilifi, Msambweni (kusini mwa Ukunda) na Voi zote zina hospitali za kaunti. Kwa saratani, upasuaji mkubwa na madaktari bingwa wengi, bado utarudi Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara tuliyoizoea. Kwa hiyo mwenye mgonjwa wa kliniki ya kila wiki ahakikishe kwanza huduma ile inapatikana kule, kwa kufika na kuuliza, si kwa kuambiwa. Malindi, kilomita 120 kaskazini, ningeifikiria tu kwa mstaafu mwenye afya, ingawa kwa utulivu na samaki ni mji mzuri mno.

Shule za msingi hazitofautiani sana. Kwa mtoto aliyefika umri wa chuo, Kilifi inashinda, kwani anasoma akilala nyumbani.

Watu

Jambo hili halimo kwenye hesabu za kodi, nami naliona zito kuliko maji.

Sisi watu wa pwani tunazika haraka. Simu inapigwa asubuhi: "Mwanangu, ami yako ametutoka, maziko baada ya alasiri." Aliyeko Kilifi anajifunga leso, anapata gari, anafika kabla jeneza halijatoka. Aliyeko Ukunda anafika ikiwa foleni ya feri imemhurumia. Aliyeko Voi akipata habari saa nne, anaweza kufika kuwakuta wanaume wamerudi kutoka makaburini wanavua viatu mlangoni. Anakaa tanga, ndiyo, lakini hakuzika. Nimewaona watu wakibeba uchungu huo kwa miaka. Mwenye wazazi wazee Mombasa aupime umbali wake kwa kipimo hiki.

Kuna upande wa pili, na haki yake nayo isemwe. Mombasa tunayoisifu kwa ujirani haiko kila mtaa tena. Zipo sehemu za Kisauni na Likoni ambako mama anafunga mlango magharibi kwa kuhofia vijana wa mapanga, na hamtumi mtoto dukani baada ya isha. Kilifi mjini, Voi na ndani ya Ukunda, watoto bado wanacheza nje jioni na duka bado linakuandika kwenye daftari ukikosa. Ila daftari hilo halifunguliwi siku ya kwanza. Mgeni anaangaliwa miezi kadhaa. Salimia, hudhuria harusi na misiba ya jirani, ingia chama cha mtaa, lipa deni kwa wakati. Anayefika akisifia Mombasa kila sentensi atabaki mgeni.

Ningemwambia nani aende wapi

Mstaafu mwenye pensheni na wazazi au watoto kisiwani: Kilifi, bila kusita. Mwalimu au mfanyakazi wa serikali anayepata uhamisho, na anayefanya kazi ya mtandaoni akaihitaji Nairobi mara kwa mara: Voi, mradi tangi lipo. Mfanyakazi wa hoteli za Diani anayevuka kila siku ahamie Ukunda mwezi huu, maana tayari nusu ya maisha yake iko kule. Kibarua wa bandari, mwuzaji wa Kongowea na mwenye mgonjwa wa Makadara wakae. Pesa wanayotaka kuitumia kuhamia, waiweke kwenye tangi na kwenye kutafuta nyumba iliyo karibu na kazi, hata kama ni ndogo.

Na yeyote atakayehama, apange kwanza, asinunue. Akae kule vipindi viwili vinavyoumiza: Januari na Februari joto la kaskazi linapokuwa kali na mifereji inapokauka, kisha Aprili na Mei barabara za ndani zinapogeuka tope. Usirudishe nyumba ya Mombasa kabla ya vipindi hivyo kupita. Kama huwezi kulipa kodi mbili, mwachie ndugu akae ndani alipe nusu, vyombo vikubwa vibaki hapo, na uende na godoro, jiko na mitungi yako.